Swali Ambalo Halikuwa la Kompyuta

Mpwa wangu wa Msambweni ameitwa na kampuni moja ya teknolojia kwa mahojiano ya kazi. Atahojiwa kwa njia ya video, akiwa ameketi nyumbani kwa mamake. Juzi alinijia akaniuliza, "Mjomba, wewe ulipohojiwa walikuuliza nini?" Nilimjibu kwa mkato, nikageuza mazungumzo. Leo ninamjibu hapa, maana najua hulisoma gazeti hili.

Mwaka 2011 nami niliitwa Nairobi na kampuni ya aina hiyo. Simu ilikuja Alhamisi. Mahojiano yalikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Mama aliuza mbuzi ili nipate nauli. Nilipanda matatu hadi Likoni, nikavuka feri, kisha nikasafiri kwa basi usiku kucha, mwendo wa karibu kilomita 480. Nilinawa uso na kubadili shati katika choo cha kulipia karibu na kituo cha basi. Shati lilikuwa na mikunjo, nami niliifikiria mikunjo hiyo kuliko nilivyoifikiria kompyuta.

Hapa pana kinaya ambacho wakati ule sikukitambua. Nyaya kuu za mawasiliano, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa mwaka 2009. Intaneti hiyo ilipita Pwani kwanza ndipo ikafika Nairobi, ilhali mimi niliyezaliwa ilikopita nililazimika kuifuata huko.

Jopo lilikuwa la watu wanne. Waliniandikia programu fupi ubaoni, wakanitaka nionyeshe kosa lake. Mzunguko mmoja ulikuwa umezidi. Niliuona upesi, nikausahihisha, nikaeleza sababu. Wakanitaka niandike nyingine ya kuhesabu kila neno limetokea mara ngapi katika maandishi marefu. Hiyo pia niliimudu. Ndipo mmoja wao, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza natoka wapi. Nikasema Msambweni. Hakuijua, basi nikamwambia ni mbele ya Diani. Akacheka: "Kule ufuoni! Utaiweza kasi yetu, ama utataka kulala baada ya chakula cha mchana?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Kicheko hicho ndicho ninachokijutia, wala si kazi, ambayo sikuipata. Ningeweza kumtajia wavuvi wa Gazi na Shimoni waingiao baharini gizani. Ningeweza kumweleza juu ya akina mama wakulima wa mwani wa Kibuyuni, ambao hufuata ratiba ya maji ya bamvua, si ya saa ya ukutani. Nilichagua kumfurahisha.

Siwezi kuapa kwamba swali lile ndilo lililoninyima kazi. Huenda alikuwako aliyenishinda. Ubaya wake ni kwamba sitajua kamwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mwombaji kazi kwa misingi ya kabila, lugha au dini, lakini ni nani atakayethibitisha dhihaka iliyotamkwa ndani ya kuta nne? Wataalamu wa saikolojia ya kazi wamekwisha kuonyesha kwamba maswali yaliyopangwa mapema, yakaulizwa kwa kila mwombaji na majibu yake kupewa alama, hubashiri utendaji wa mtu vizuri kuliko soga. Waajiri wa teknolojia, ambao hujivunia kupima kila kitu, wana udhuru gani wa kuajiri kwa soga?

Video imetuondolea feri na nauli ya kuuzia mbuzi, nami naishukuru. Swali lile haikuliondoa.

Basi, mwanangu, paa la makuti litaonekana nyuma yako kwenye kamera. Usilifiche kwa shuka kama unavyopanga. Wakikuuliza kama utaiweza kasi yao, waulize ni jukumu gani katika tangazo lao linalopimwa na swali hilo, kisha unyamaze wajibu. Na simu ya akiba iwe na chaji; umeme wa kwetu unaujua.