Kabla ya Kufunga Virago

Hakuna mama anayefunga ndoa huku akiwaza mahakama. Lakini maji yakizidi unga, heri kujua sheria inasemaje kuliko kuondoka usiku na watoto, mikono mitupu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida hutaka shauri lianzie kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati. Ombi la talaka lifikishwe mahakamani kabla hati hiyo haijapita miezi 6.

Wengi hudhani mama asiye na mshahara hana chake. Sivyo! Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Hii haina maana ya nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Basi tunza cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na nakala za hati za kiwanja.

Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa anafaa kukaa na mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kinyume. Matunzo yake, hata hivyo, ni wajibu wa baba.

Mwone wakili mapema, umuulize gharama kabla ya kutia sahihi chochote. Huna fedha? Ulizia msaada wa kisheria. Tangu 2017 una sheria yake. Kujua haki yako si kuivunja ndoa.