Tumefungwa na Kocha

Jioni ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, nilikuwa nimeketi juu ya benchi la mbao katika banda moja la kutazamia mpira mtaani Iftin, mjini Garissa. Banda lenyewe ni mabati matupu, na joto la mchana lilikuwa bado limejificha ndani yake. Vijana walikuwa wamebanana hadi mlangoni. Mbele yetu palikuwa na televisheni moja tu, na ndani ya televisheni hiyo uwanja wa Kasarani, ambako Harambee Stars walikuwa wakichuana na Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu wa pwani, katika robo fainali ya mashindano ya CHAN.

Yaliyotokea msomaji anayajua. Alphonce Omija alitupatia bao la kichwa mara tu baada ya mapumziko. Madagaska wakasawazisha kwa penalti. Muda wa ziada ukapita pasipo bao, na mikwaju ya penalti ilipokwisha, wao walikuwa na nne na sisi tatu. Jioni hiyohiyo Tanzania nao walitolewa na Moroko, na kesho yake Uganda wakatolewa na Senegali, hata wenyeji wote watatu wa mashindano wakawa watazamaji katika viwanja vyao wenyewe.

Sikuja hapa kusimulia mchezo. Nataka kusema juu ya yale yaliyofuata bandani, kwa kuwa kazi yangu ni kusikiliza jinsi watu wanavyosema, na usiku ule nilisikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia Garissa nilipokuwa mtoto.

Kimya kilidumu kama dakika moja. Kisha kijana mmoja aliyekuwa karibu nami, mwembamba, mwenye fulana nyekundu ya timu ya taifa iliyochujuka, alisimama akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Hatukufungwa na Madagaska. Tumefungwa na kocha."

Banda zima likalipuka. Kila mtu alikuwa na hoja yake, na karibu hoja zote zilihusu mbinu za mchezo. Kwa nini baada ya kupata bao timu irudi nyuma kana kwamba dakika tano tu ndizo zilizobaki? Kwa nini viungo wajazane mbele ya mabeki na mshambuliaji aachwe peke yake kama mchungaji aliyekimbiwa na mbuzi? Kwa nini wachezaji wenye miguu mibichi wasiingizwe mapema? Mimi si mtaalamu wa soka, na sithubutu kumfundisha kazi Benni McCarthy, mtu aliyefunga mabao 31 katika timu ya taifa ya Afrika Kusini na kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004. Hata hivyo nilivutiwa na namna vijana wale walivyojenga hoja zao. Walitoa mifano, wakalinganisha mchezo huu na ule, wakapingana kwa ushahidi. Laiti wanafunzi wangu wangeandika insha zao hivyo.

Aliyewajibu alikuwa mwalimu. Ni mzaliwa wa Kakamega, amefundisha sekondari huku tangu 2012, naye huinoa timu ya wavulana ya shule yake jioni. Aliwakumbusha mchezo dhidi ya Moroko wa tarehe 10 Agosti. Siku ile Ryan Ogam alifunga, kisha Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kenya ilicheza kipindi chote cha pili na watu kumi, ikarudi nyuma, ikajenga ukuta, na ukuta haukubomoka. Hao Moroko hatimaye ndio waliolichukua kombe. "Siku ile," mwalimu akasema, "nyinyi nyote mlimwita kocha bingwa. Mbinu ni ileile. Leo imekuwa woga?"

Kijana mwenye fulana nyekundu hakusita. "Macallin," akasema, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kwa Kisomali, "siku ile tulikuwa kumi. Leo tulikuwa kumi na mmoja. Mtu aliyevunjika mguu akitembea kwa mkongojo hatumlaumu. Lakini mkongojo wa mzima ni wa nini?"

Kwa maoni yangu kijana alishinda hoja hiyo, ingawa si yote. Mwalimu alikuwa na haki aliposema kwamba timu ilikuwa imecheza michezo minne migumu katika kundi, miwili kati ya hiyo ikiwa na wachezaji pungufu, kwani dhidi ya Angola nako tulipoteza mchezaji mapema. Miguu huchoka, na mchovu hurudi nyuma hata asipoamriwa na kocha. Na anayekosa penalti hakoseshwi na mbinu. Lakini hilo la kumi na kumi na mmoja sijapata aliyelijibu sawasawa.

Wapo watakaosema kuwa lalama za mashabiki ni kelele tu. Tuna hata msemo tunaopenda kuwafungia nao midomo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huu ni mzuri kwa mchezaji anayetaka kumpiga refa. Kwa shabiki anayeuliza swali, unatumiwa vibaya. Kukubali kwamba umeshindwa ni jambo moja, na kukubali usiulize kwa nini umeshindwa ni jambo jingine kabisa. Walimu wenzangu wanajua tofauti hiyo: mwanafunzi aliyeanguka mtihani akija ofisini kuuliza amekosea wapi, hatumwambii si mshindani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya kutolewa kwa penalti nyumbani anaijua shabiki aliyeacha kazi mapema akalipia benchi.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana huko ndiko kilipo kilichonikosesha usingizi.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu na timu zao za vyuo. Waliona kwamba timu iliposhinda, wanafunzi walielekea kusema "tumeshinda". Iliposhindwa, walielekea kusema "wameshindwa". Ushindi ni wetu, aibu ni yao. Kiswahili kinaufanya mchezo huo uonekane wazi zaidi kuliko Kiingereza, kwa sababu kila kitenzi chetu kinabeba kiambishi cha nafsi kifuani kama mchezaji anavyobeba namba. Msikilize shabiki yeyote: "Tumefungwa kwa sababu alipanga vibaya, nao wakarudi nyuma." Nafsi tatu katika sentensi moja. Maumivu ni ya tu-, kosa ni la a-, na utekelezaji wa kosa ni wa wa-. Nilihesabu kimoyomoyo usiku ule. Lawama ziligawanywa baina ya kocha na wachezaji, lakini kile kitenzi kikuu, kitenzi cha kufungwa, hakuna aliyekitenga na tu-. Si mmoja aliyesema "wamefungwa".

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hilo lilinishtua, lazima arudi nami nyuma hadi Agosti 1987. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Michezo ya Afrika Nzima ilikuwa Nairobi, uwanja wa Kasarani ukiwa mpya, na Kenya ikaingia fainali ya soka dhidi ya Misri. Marehemu mjomba wangu alikuwa na redio kubwa ya betri, na wanaume wa mtaa walikuja kuketi mkekani kwake kusikiliza Sauti ya Kenya. Kenya ilifungwa bao 1 kwa 0. Watu wa nchi hii waliokuwa hai wakati ule wangali wanaulizana mbinu za siku hiyo. Pale mkekani hakuna aliyeuliza. Mjomba alizima redio ili asimalize betri, akasema kwa Kisomali maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kenya imefungwa." Akaagiza chai.

Sikuona ajabu. Ndivyo wakubwa walivyosema. Mtu akipanda basi kwenda Nairobi alisema "naenda Kenya", na aliporudi tulimwuliza habari za Kenya. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Mkoa mzima ulikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizorithiwa kutoka vita vya miaka ya sitini, na sheria hizo hazikufutwa hadi 1991. Miaka miwili baada ya fainali ile, mwaka 1989, Wakenya Wasomali waliamriwa kuhakikiwa upya na kupewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho ambacho Wakenya wengine walikiona kinatosha. Katika hali hiyo mtu angelalamikaje kwamba kocha amepanga vibaya safu ya kati? Mgeni halalamikii chumvi ya mwenyeji. Anakula, anashukuru, anaondoka.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba lalama ya mbinu si utovu wa adabu. Ni dai la umiliki. Anayelalamika kuwa shamba limelimwa vibaya anasema, kwa njia nyingine, kwamba shamba ni lake.

Lakini mwanaisimu ndani yangu hakutosheka na tu-. Kiswahili kina "sisi" moja tu. Nikisema "sisi tumefungwa", lugha hainilazimishi kueleza kama wewe unayenisikiliza umo au humo. Kisomali hulazimisha. Kina "innaga", yaani sisi pamoja nawe ninayesema nawe, na kina "annaga", yaani sisi bila wewe. Hata mtoto wa miaka minne hawezi kuzichanganya. Katika mazungumzo yetu ya zamani na watu waliotoka upande wa pili wa mto Tana, iwe ni polisi wa kizuizi cha darajani au karani au mwalimu, "sisi" yetu, hata ilipotamkwa kwa Kiswahili safi, ilikuwa annaga. Nao "sisi" yao ilikuwa vivyo hivyo.

Mwalimu niliyemtaja anakisema Kisomali, tena vizuri kuliko anavyokiri. Wenzake wengi waliondoka huku baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, na wengine wakahamishwa mwaka 2020 baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mwezi Januari. Madarasa yaliyobaki bila walimu sihitaji kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu. Yeye alibaki. Sijawahi kumwuliza kwa nini, na naona si haki yangu kuuliza.

Basi walipokuwa wakibishana, kijana mwenye fulana alihama kutoka Kiswahili kwenda Kisomali, kama vijana wetu wanavyofanya hasira zikipanda. Akamgeukia mwalimu yule wa Kakamega, akamnyoshea kidole, akalalamika kuhusu dakika zile za baada ya bao: tulivyorudi, tulivyoogopa, tulivyompa adui uwanja. Na kila alipotaja sisi alisema innaga.

Hakujua kwamba amesema jambo. Mwalimu naye hakuonyesha kushangaa. Alimjibu kwa Kisomali kilekile, akitumia innaga vilevile, kwamba "sisi" hatukuogopa bali tulichoka. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Tulipokuwa tukitoka nilimwuliza kijana anafanya kazi gani. Hana kazi maalumu. Hubeba mizigo sokoni. Alikuwa ametaka kujiunga na chuo cha ufundi tangu 2021, lakini kitambulisho kilichelewa. Aliwahi kuulizwa na kamati katika ofisi moja alete hati za babu yake, na babu yake alikuwa mfugaji asiyekuwa na hati yoyote. Utaratibu huo wa kuhojiwa ulifutwa kwa amri ya Rais mwezi Februari 2025, naye akapata kadi yake mwezi Juni. Aliniambia hayo yote upesi upesi, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine, kisha akarudi kwenye mabadiliko ya wachezaji.

Msimu haukutulia. Tarehe 5 Septemba Gambia walikuja Kasarani katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia, wakatuchapa mabao 3 kwa 1. Tarehe 18 Novemba, katika mchezo wa kirafiki uliochezwa Antalya nchini Uturuki, Senegali walitufunga mabao 8 kwa bila. Hayo ni mabao ya kumfanya shabiki yeyote abadilishe nafsi, na huko Nairobi niliwasikia wengi wakibadilisha: wamefungwa, wamepigwa, wameaibika. Hata mhadhiri mmoja mwenzangu, mtu makini, aliniambia kwenye ngazi, "Umewaona watu wako?"

Usiku ule nilimpigia simu kijana wa Iftin.

"Adeer," akasema kabla sijamsalimu, "tumepigwa nane." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Wale mabeki wawili wa kati, tuliwapanga mbali mno."