LAPTOPU YA MJOMBA NA WAIFAI YETU

Wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Zamani nilikuwa nikiitumia methali hii katika insha tu, ili mwalimu aniongezee alama. Siku hizi naiamini. Aliyenifunza ni laptopu kuukuu ya mjomba wangu wa Bungoma. Nawasimulia kisa chake wanachama wenzangu kwa kuwa najua nyumbani kwa wengi wetu kuna mashine kama hiyo, imefunikwa kitambaa juu ya kabati, na kila akiulizwa mtu husema, "Hiyo iliharibika."

Mjomba, ambaye sisi Wabukusu humwita khocha, ni mwalimu mstaafu. Nilipomtembelea likizo ya Agosti alinikabidhi laptopu hiyo akasema, "Chukua, mpwa wangu. Imelala miaka mitano lakini ilikuwa nzima." Niliipakata kwenye matatu kutoka Bungoma hadi Webuye, kisha Kamukuywa, Kiminini mpaka nyumbani Kitale, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Haikuwa zawadi ya kuchezea. Dada yangu alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu, na fomu ya mkopo wa HELB ilikuwa bado haijajazwa. Fomu hiyo hujazwa mtandaoni na ina viambatisho chungu nzima. Simu ya mama kioo kilikuwa kimepasuka; kufungua ukurasa iliweza, lakini kuandika jina refu ilikuwa taabu tupu. Dada alikuwa ameenda saiba mara mbili, mara zote akakuta foleni, na nauli ikaisha. Zilibaki siku tatu.

Niliwasha laptopu. Iliamka polepole kama mzee aliyeamshwa usingizini, lakini iliamka. Waifai ya nyumbani ipo, ruta iko pale sebuleni inametameta, lakini laptopu ikasema hakuna mtandao. Fundi mmoja wa mjini aliitazama dakika mbili, akatoa hukumu: "Kadi ya waifai imekufa. Lete elfu tatu." Mama alinyamaza. Elfu tatu ndiyo iliyokuwa pesa ya mbolea.

Nikampigia simu mwalimu wetu wa tarakilishi. Hakunipa dawa, alinipa swali. "Usiulize kwa nini haifanyi kazi. Uliza imefika wapi. Mtandao ni kama ile safari yako ya kutoka Bungoma. Kama abiria hajafika Kitale, unatafuta kwanza alishukia wapi."

Basi tukaanza kutafuta abiria wetu.

Kituo cha kwanza ni swichi. Laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni, au kitufe chenye picha ya mnara unaotoa mawimbi, ambacho pengine hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Yetu ilikuwa na kataa ka rangi ya machungwa juu ya herufi. Nilipokabonyeza kakageuka bluu, na papo hapo majina ya waifai za majirani yakajipanga kwenye kioo. Kumbe kadi ilikuwa hai! Mama alicheka, akasema, "Na fundi naye?"

Kituo cha pili ni mawimbi. Majina ya majirani yalikuwepo, letu halikuwepo, ingawa ruta ilikuwa hatua tatu tu kutoka mezani. Hapa panahitaji maelezo. Waifai ni redio. Kanuni zake za kwanza za kimataifa zilitolewa mwaka wa 1997, na kwa miaka mingi mashine nyingi za bei nafuu zilitumia mawimbi ya GHz 2.4. Baadaye mawimbi ya GHz 5 yakaenea. Haya hubeba mengi kwa kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Ruta za siku hizi hutangaza aina zote mbili, ila yetu ilikuwa imepangwa itangaze GHz 5 peke yake. Kadi ya laptopu ya mjomba inajua GHz 2.4 tu. Redio isiyo na FM haitashika stesheni ya FM hata ukiipandisha juu ya mkaratusi.

Dawa yake haina gharama. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo, pamoja na jina na neno la siri la msimamizi. Kwa idhini ya mama, na kwa simu yake iliyopasuka, tulifungua ukurasa wa ruta, tukawasha GHz 2.4, tukaipa jina lake. Baada ya dakika moja jina likaonekana kwenye laptopu.

Kituo cha tatu ni ulinzi. Tuliandika paswadi, ikakataliwa. Tukaandika tena. Dada akamlaumu mama kuwa amechanganya herufi O na sufuri. Mama akaapa kuwa hajachanganya. Mama alikuwa na haki. Ruta yetu ilitumia ulinzi uitwao WPA3, uliotangazwa mwaka wa 2018, na laptopu ilitengenezwa kabla ya hapo. Haikujua lugha hiyo. Ilijua WPA2 ya mwaka wa 2004. Kwenye ukurasa ule ule wa ruta kuna nafasi ya kuchagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na tulipoichagua paswadi ikapita. Lakini tahadhari, mwenzangu: ukikuta ulinzi uitwao WEP, usiuguse. Wataalamu walionyesha tangu mwaka wa 2001 jinsi unavyovunjwa. Wala usiache waifai bila paswadi eti kwa kuwa mashine ni kuukuu.

Sasa alama ya waifai ikajaa mistari yote. Dada akapiga kigelegele. Akaandika anwani ya HELB na, lahaula! Ukurasa ukakataa kufunguka, ukadai kuwa muunganisho si salama. Akajaribu kurasa nyingine, nazo vivyo hivyo. Dada aliinuka akaenda nje kwenye mvua, bila koti, akasimama chini ya paa la jikoni. Sikumfuata. Nilijua analia.

Niliketi nikishika tama. Nilikumbuka tulivyosoma kwamba nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizofikishwa Mombasa mwaka wa 2009, hupita chini ya bahari, ile ya TEAMS ikitoka Fujairah huko Uarabuni. Habari zinavuka bahari yote hiyo, zinapanda bara hadi Kitale, zinaingia sebuleni mwetu, kisha zinakwama pale mezani! Ndipo macho yangu yalipoangukia pembe ya kioo. Tarehe ilikuwa 1 Januari 2009.

Hicho ndicho kituo cha nne, na wengi hawakijui: saa. Ukurasa wa mtandaoni unaojali usalama hutoa cheti cha kuonyesha kuwa ndio wenyewe, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu husoma tarehe hizo na kuzilinganisha na saa yake. Kwa laptopu yetu iliyodhani bado ni mwaka wa 2009, kila cheti kilikuwa hakijaanza kutumika. Ni kama askari wa lango anayekataa kitambulisho halali kwa sababu kalenda yake mwenyewe imechakaa. Nikarekebisha mwaka, mwezi, siku na saa. Ukurasa ukafunguka.

Kwa nini saa ilirudi nyuma? Ndani ya tarakilishi kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, nyingi zikiwa za aina ya CR2032, inayoendesha saa wakati mashine imezimwa. Miaka mitano juu ya kabati ilikuwa imeimaliza. Baadaye tulinunua nyingine kwa shilingi mia moja. Ukitaka kuibadilisha, zima mashine, chomoa chaja, toa betri kubwa, ndipo ufungue skrubu. Katika laptopu nyingine betri hiyo imeshikishwa kwa waya. Hiyo mwachie fundi, lakini mwambie unachotaka.

Nilimwita dada. Alikuja na nywele zimelowa. Alipotaka kuanza kuandika nambari ya kitambulisho, mwalimu, ambaye nilikuwa nimempigia tena kumpa habari njema, akasema, "Ngoja kwanza! Ni Windows gani hiyo?" Ilikuwa Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuirekebisha tarehe 14 Januari 2020. Nyumba ya namna hiyo milango yake ina nyufa na mwenye nyumba ameshahama. Si mahali pa kuwekea siri. Kesho yake alitupa fleshi yenye Linux Mint, ambayo haiuzwi, na ambayo unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi yenyewe bila kufuta chochote. Waifai ikashika mara moja, kwa kuwa njia tulikuwa tumeshaisafisha. Dada alijaza fomu hadi saa nne usiku. Ilipojibu kuwa imepokelewa, mama aliamka kitandani akaja kuitazama kwa macho yake.

Nisikudanganye kuwa kila mashine hufufuka. Desemba nilirudi Bungoma, na jirani ya mjomba akaniletea yake. Hiyo kadi ilikuwa imekufa kweli: swichi imewashwa, na hakuna jina hata moja kwenye kioo. Hata hivyo tuliiunganisha na simu kwa ule waya wa kuchajia, tukaruhusu simu igawe bando lake kwa waya, na mtandao ukaingia. Vilevile ukiwa na ruta, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta huweza kukuonyesha kama kosa ni la waifai tu au ni la mashine nzima. Na duka likiwa karibu, kuna kijikadi cha waifai cha kuchomeka kwenye tundu la USB.

Kwa hivyo, mwenzangu, kabla hujatoa pesa ya mbolea, fuata abiria wako kituo kwa kituo: swichi, mawimbi, ulinzi, saa. Mahali aliposhukia ndipo penye kazi.

Dada yuko chuoni sasa. Laptopu imebaki nyumbani Kitale, na makala hii nimeiandikia juu yake. Mjomba nilimweleza habari ya ile betri ya shilingi mia. Alicheka sana, kisha akasema, "Basi miaka yote ile ilikuwa inangoja tu mtu aiambie ni saa ngapi."