Ufunguo wa Tovuti ya Sericho Usikae Mjini

Mtu anayelitafuta jina la Sericho katika intaneti huenda akakutana na mawe kabla hajakutana na watu. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao kusini mwa Sericho, upande wa magharibi wa Habaswein, waliona mawe mazito katika nchi isiyokuwa na miamba. Mwaka uliofuata mawe hayo yaliandikishwa rasmi kuwa kimondo kwa jina la Sericho, na vipande vyake vikaanza kutangazwa na wauzaji wa ng'ambo. Wachungaji wa huko walisema kwamba walikuwa wakiyajua mawe hayo kwa miaka mingi, na kwamba utotoni walicheza juu yake. Waliojua hawakuandika, walioandika walikuja baadaye.

Jambo hili lina funzo kwa walimu na wanafunzi. Wadi ya Sericho, katika eneo bunge la Isiolo Kusini, ina mengi yanayostahili kuandikwa na wenyeji wake: bei za mifugo, hali ya maji ya Ewaso Nyiro, masharti ya kuomba basari, tarehe za kufungua shule. Kinachokosekana si akili wala habari. Aghalabu ni njia nyepesi ya kuifikisha habari kwenye tovuti, na ya kuitunza ikishafika. Ndiyo maana nataka kulizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi peke yao, nalo ni kuiunganisha programu iitwayo Git na paneli za kuendeshea tovuti.

Kila tovuti huishi ndani ya seva, yaani tarakilishi ya kampuni inayokodisha nafasi. Mwenye tovuti huisimamia kupitia ukurasa wa vitufe uitwao paneli. Paneli mojawapo iliyoenea sana ni cPanel, iliyoanza mwaka 1996. Nyingine ni Plesk. Desturi ya tangu zamani ni kupakia faili kwa FTP, kanuni iliyobuniwa mwaka 1971. Njia hiyo ina dosari tatu. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, tovuti hubaki nusu mpya na nusu kuukuu. Faili jipya hulifuta la zamani bila kuacha kumbukumbu. Tena FTP ya asili husafirisha neno la siri wazi wazi, bila kulificha.

Git ilitungwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, ili waandishi wa Linux waliotawanyika duniani waweze kushirikiana. Mtu hufanya kazi katika tarakilishi yake mwenyewe, hata pasipo mtandao. Kila amalizapo hatua huitia muhuri unaoonyesha ni nani aliyeandika, lini na kwa sababu gani. Mtandao upatikanapo, hutuma yale tu yaliyobadilika. Ukikatika njiani, hifadhi iliyo kwenye seva haigeuki mpaka mzigo wote ufike. Kwa shule iliyo mbali na mnara wa simu, ambayo hununua data kwa kuhesabu shilingi, hii si anasa hata kidogo.

Hatua ya pili ni kuifanya seva iyapeleke mabadiliko hayo hadharani yenyewe. cPanel iliingiza Git mwaka 2018, katika toleo lake la 72. Mwenye tovuti huandika faili dogo liitwalo .cpanel.yml, lenye maagizo ya mahali pa kunakili kila kitu. Anaposukuma kazi yake kwenye hifadhi iliyo ndani ya paneli, seva huyatimiza maagizo hayo bila kuambiwa tena. Ikiwa hifadhi kuu iko GitHub, cPanel humtaka mtu aingie na kubonyeza kitufe. Plesk nayo hutoa anwani ambayo GitHub huigonga kila mara kazi mpya inapofika, na tovuti ikajisasisha.

Zana basi zipo. Malalamiko yangu ni kwamba kuna kampuni zinazoufunga mlango wa SSH katika vifurushi vyao vya bei nafuu, na pasipo mlango huo mteja wa cPanel hawezi kuisukuma kazi yake. Hutetea uamuzi huo kwa kutaja usalama. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa cPanel yenyewe ina njia ya kumfungia kila mteja katika chumba chake asiweze kuchungulia cha jirani. Anayeumia ni yule mwenye fedha kidogo na mtandao hafifu, ambaye ndiye anayeihitaji zana hii kuliko wote.

Matokeo yake tunayajua. Shule humwajiri fundi wa mjini, naye hukaa na neno la siri. Akihama au akiongeza ada, tovuti hufa, na matangazo ya miaka mitatu iliyopita hubaki yakining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Kwa Git, nakala kamili ya faili pamoja na historia yake yote inaweza kukaa katika tarakilishi ya shule. Kampuni ikifilisika leo, kesho kazi hiyo yaweza kupelekwa kwingine. Hata hivyo, tahadhari moja yafaa itajwe: tovuti nyingi huweka maandishi yake katika hifadhidata, na hiyo Git haiibebi, sharti inakiliwe kando.

Wafugaji wa Kiborana hawahitaji kufundishwa maana ya zamu na kumbukumbu. Kisimani yuko aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo, na anayejipenyeza nje ya zamu yake hujulikana. Tangazo la basari nalo lapaswa kulindwa hivyo hivyo. Tarehe ya mwisho ikisogezwa kimya kimya, mzazi aliyehamia malishoni hupoteza haki ya mwanawe, wala hana ushahidi. Historia ya Git huonyesha tarehe ya awali na jina la aliyeibadilisha. Lakini kwa kuwa jina hilo mtu hujiandikia mwenyewe, kila mwalimu awe na ufunguo wake wa kuingilia, wala wasishirikiane ufunguo mmoja.

Wapo watakaosema kwamba kinachojiendesha hukosea haraka. Ni kweli. Kosa likisukumwa, huonekana hadharani mara moja. Dawa yake ni kuwa na tawi la majaribio, na kuyapeleka mbele ya umma yale tu yaliyokaguliwa na mtu wa pili. Na kosa likipenya, toleo la jana hurudishwa kwa amri chache. Maneno ya siri yasiandikwe kamwe ndani ya hifadhi, wala folda ya .git isiachwe mahali umma unapoweza kuisoma. Picha kubwa nazo zipunguzwe, kwa sababu historia huzibeba daima.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundishia uandishi wa programu shuleni. Mwanafunzi anayeandaa mradi wa somo la tarakilishi aweza kuanza na Git leo hii, pasipo intaneti. Hata diski ya flashi yaweza kuwa hifadhi ya darasa zima. Vijana wetu wasidhani kwamba haya ni ya wageni. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 na kutumiwa katika nchi nyingi, msimbo wake uko wazi katika hifadhi za Git kwa yeyote atakaye kujifunza.

Nasi walimu na wasimamizi wa shule, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa tovuti, tuiulize kampuni maswali matatu. Je, Git imo katika kifurushi hiki cha bei ya chini? Je, twaweza kusukuma kazi yetu wenyewe kutoka shuleni? Na je, tukiamua kuondoka, tutaondoka na historia yetu yote? Asiyeweza kuyajibu ndiyo yote matatu, fedha za wazazi wa Sericho zisimwendee.