Moyo Unaposimama Mwaloni

Mtu aliyeopolewa majini bila pumzi hajawa maiti kwa sababu tu hapumui. Waganga walijua jambo hili zamani. Lakini katika mialo yetu ya Sengerema, na huko visiwani Kome na Maisome, bado halijawa elimu ya watu wote; na kwa kuwa halijawa elimu ya watu wote, wako tuliowazika ambao pengine wangalikuwa hai hivi leo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kusimama katika mwalo mmoja asubuhi, saa ya kurudi mitumbwi ya dagaa, akaona kijana analetwa pwani amelala juu ya nyavu. Watu wema hawakukosekana. Mmoja alimshika miguu akamning'iniza kichwa chini. Wengine walimkandamiza tumbo ili maji yatoke. Wengine wakakimbilia pikipiki. Zilipita dakika kama ishirini, wala hapakuwa na mtu hata mmoja, nami nikiwamo, aliyeweka mikono juu ya kifua chake. Nasema nami nikiwamo kwa kuwa nilikuwa nimesomeshwa miaka mingi. Nilifundishwa Kilatini na hesabu za pembe tatu, lakini sikufundishwa la kutenda mtu anapokata pumzi mbele yangu.

Yafaa kwanza tutenganishe maneno. Shtuko la moyo ni mshipa unaolisha moyo kuziba. Mgonjwa huyo huumwa kifua, hutoka jasho, na mara nyingi aweza kusema. Moyo kusimama ni jambo jingine: damu haiendi tena popote, mtu hazinduki akiitwa, hapumui, au hutweta kidogo kama samaki aliyetolewa majini. Ubongo hauna akiba ya hewa. Baada ya dakika nne hivi huanza kuharibika. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unatetemeka ovyo badala ya kupiga, kila dakika inayopita bila kusaidiwa hupunguza nafasi yake ya kupona kwa sehemu 7 hadi 10 katika kila 100.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na tumeagana na foleni za kivuko. Ni ushindi mkubwa. Mgonjwa wa Sengerema sasa afika Bugando upesi kuliko wakati wowote wa historia yetu. Lakini hakuna daraja wala barabara ya lami iwezayo kumfikisha mvuvi wa Kome mbele ya daktari katika dakika nne. Wa kwanza kumtibu ni yule aliye naye katika mtumbwi.

Mwaka 1960 wanasayansi watatu wa Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, nao ni Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kuwa moyo uliosimama waweza kusukumiwa damu kwa mikono miwili tu, bila kupasua kifua. Waliligundua jambo hilo katika majaribio juu ya mbwa: walipobonyeza kwa nguvu vyuma vya umeme kifuani, waliona shinikizo la damu linapanda kabla hata umeme haujawashwa. Katika wagonjwa 20 wa kwanza waliowaeleza, 14 walipona. Walikuwa wagonjwa wa hospitalini, karibu na madaktari. Nje ya hospitali mambo ni magumu zaidi, na hata katika Marekani yenyewe, yenye magari ya wagonjwa kila mji, anayenusurika ni kama mmoja katika kumi. Hatutaki kumdanganya msomaji. Wengi hufa hata wakisaidiwa vizuri.

Tangu siku hizo fedha nyingi zimetumika kutafuta dawa na mashine. Mwaka 2018 Waingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wapatao 8,000 kuhusu sindano ya adrenalini. Waliodungwa walinusurika kidogo zaidi, 3.2 kwa mia dhidi ya 2.4, lakini miongoni mwa walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa sindano. Kuhusu kupoza mwili wa mgonjwa, tafiti mbili za mwaka 2002 zilileta matumaini makubwa. Uchunguzi mpana zaidi wa mwaka 2021 haukuona faida ya kumpoza mtu kuliko kumzuia tu asipate homa. Yaliyobaki imara baada ya miaka zaidi ya sitini ni mikono juu ya kifua, pumzi, na mashine ya kushtua moyo inapokuwapo karibu.

Sasa, ni nani aweza kutuambia kama watu wa kawaida katika nchi yetu wanaweza kufundishwa kazi hii wakaifanya kweli? Jibu twalipata katika vyumba vya kuzalia. Mtoto mchanga asiyepumua naye ana dakika chache tu, na dawa yake ya kwanza ni kukaushwa, kusuguliwa mgongo na kupulizwa hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso. Wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa hivyo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47; matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Lakini mwaka huohuo Haydom, mkoani Manyara, iligundulika jambo lipasalo kuandikwa kwa wino mzito: mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafaulu vizuri mbele ya mwanasesere, ila hayakubadili walivyotenda mbele ya mtoto halisi. Kilichobadili ni mazoezi mafupi yaliyorudiwa mara kwa mara palepale kazini. Hapo vifo vya siku ya kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ulienea katika vituo 30 vya mikoa mitano, Mwanza ukiwamo.

Basi tusije tukaridhika na semina moja yenye bango, soda na picha ya pamoja. Mkono husahau.

Sengerema si wageni wa kujaribu mambo. Wilaya hii, pamoja na Buchosa, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa kujaribia mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, ambao leo unaitwa m-mama na kupigiwa simu namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa kawaida aliyeandikishwa hupigiwa simu, humbeba mama, naye hulipwa kwa simu. Hakuna aliyesema kuwa dereva hana shahada ya uganga. Kama dereva aliaminiwa, kwa nini nahodha wa mtumbwi asiaminiwe?

Kazi yenyewe yaelezeka kwa maneno machache. Mlaze chali mahali pagumu. Ikiwa ametoka majini, anza na pumzi chache za kinywa kwa kinywa, maana moyo wake ulisimama kwa kukosa hewa. Kisha kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka; bonyeza kina cha sentimeta 5 hadi 6, uachie kifua kiinuke chote, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea bila kukata tamaa mpaka msaada ufike. Kumning'iniza ni kupoteza dakika. Kumkamua tumbo ni kumpeleka matapishi mapafuni.

Mv Bukoba ilipozama mwaka 1996, na mv Nyerere mwaka 2018, taifa zima lililia. Mvuvi mmoja akizama usiku, analia mke wake na wenye mtumbwi. Kwa huyo twaviomba vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, vyama vya wafanyakazi na waganga wa wilaya wakubaliane jambo moja: kila mwalo uwe na watu kadhaa wanaojua kazi hii na wanaoifanyia mazoezi kila mwezi. Muda upo. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hulala pwani siku kadhaa. Nyavu hushonwa siku hizo, injini hutengenezwa, na vijana hukaa chini ya miti wakicheza bao.