Uanachama wa klabu ya gofu: Fungua daftari kabla ya pochi

RAFIKI yangu mmoja, wakala wa forodha pale Malaba, alinishika mkono Januari mwaka jana, akanivuta pembeni ya foleni ya malori.

"Kaka," akaniambia, "wewe umeishi Uingereza, gofu unaijua, biashara ya nafaka unaifanya. Mbona unashinda na magunia na madereva tu? Ingia klabu. Biashara kubwa zinamalizwa uwanjani."

Wiki hiyo hiyo aliniletea fomu ya klabu moja ya mashariki mwa Uganda. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa sina ugomvi nayo na masharti yake hayatofautiani sana na ya vilabu vingine.

Kiingilio kilikuwa Sh3,000,000 za Uganda, unalipa mara moja na hakirudishwi. Ada ya mwaka Sh1,200,000. Unahitaji mwanachama wa kukupendekeza na mwingine wa kumuunga mkono, kisha jina lako linabandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi aseme.

Niliiweka fomu mezani nyumbani. Mama watoto akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Baba watoto, hii ni mahindi mangapi?"

Nilicheka. Lakini usiku sikupata usingizi, maana swali lile lilikuwa na jibu.

Kwa bei ya ghalani kwangu msimu ule, Sh1,000 kwa kilo, jumla ya Sh4,200,000 ilikuwa kilo 4,200. Hayo ni magunia 42 ya kilo mia mia. Nikiondoa usafiri, vibarua na ushuru wa soko, nilikuwa nabaki na faida ya Sh80 kwa kilo, yaani Sh336,000 kila mzigo unapovuka. Mtaji huo nikiuzungusha mara tatu katika msimu, unanizalia zaidi ya milioni moja.

Ukilipa klabu, magunia hayo 42 yamelala. Hayavuki tena.

Mchezo wa wote, klabu ya wachache

Nieleze kwanza nilivyoijua gofu. Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee katika mji wa Dundee, Scotland, kwa miaka 11 kabla ya kurejea nyumbani mwaka 2018. Mwenzangu wa kazini, msafisha madirisha, alinipeleka kwenye uwanja wa manispaa. Tulilipa mlangoni kama watu wanaoingia kuangalia mpira, tukacheza, tukarudi kazini zamu ya usiku.

Huko ndiko mchezo huu ulikokulia. Mwaka 1457, enzi za Mfalme James II, Bunge la Scotland liliupiga marufuku kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mishale. Na ule uwanja mashuhuri wa St Andrews, Old Course, ambao wachezaji wa dunia nzima huuota, ni uwanja wa umma. Jumapili kwa kawaida haufanyiwi mchezo. Watu wa mji hutembea humo na watoto na mbwa wao.

Kwetu gofu ilikuja kwa mlango mwingine. Waingereza waliileta pamoja na ofisi zao. Klabu ya Nairobi, ambayo leo huitwa Royal Nairobi, ilianzishwa mwaka 1906. Ile ya Kampala pale Kitante ilifuata mwaka 1908. Hivi vilikuwa vilabu vya wazungu, na Mwafrika aliingia humo kubeba mfuko wa fimbo au kuhudumu mezani.

Ndiyo maana hadi leo, kwa wengi wetu, neno gofu halimaanishi mchezo. Linamaanisha lango na mlinzi.

Na hapa lazima niseme ukweli ambao sikumwambia rafiki yangu. Kilichonivuta kwenye fomu ile hakikuwa mpira. Mtu aliyerudi kutoka ughaibuni huishi na macho ya watu mgongoni. Hana gari kubwa, hajamaliza ghorofa, anauza mahindi kama aliyebaki. "Sasa huko ulikuwa unafanya nini?" Hawakuulizi, lakini unawasikia.

Kadi ya klabu ingewajibu kwa niaba yangu. Nilikuwa nanunua kuonekana.

Daftari la miezi sita

Sikukataa wala sikukubali. Nilinunua daftari la shule, nikaamua kucheza kama mgeni kwa miezi sita, kuanzia Januari hadi Juni, na kuandika kila kitu.

Mgeni alilipa Sh50,000 kwa raundi moja. Mwanachama halipi hiyo. Anayekubebea mfuko, ambaye uwanjani huitwa kedi, nilimpa Sh20,000, lakini hizo ningempa hata kama ningekuwa mwanachama. Vivyo hivyo mipira inayopotelea kwenye majani, viatu na soda. Gharama unayolipa kwa vyovyote vile usiiingize kwenye hesabu ya uanachama, itakuchanganya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nilikigawa kiingilio kwa miaka mitano, nikapata Sh600,000 kwa mwaka. Nikajumlisha na ada ya Sh1,200,000, ikawa Sh1,800,000. Nikagawa kwa Sh50,000 za mgeni. Jibu ni raundi 36.

Maana yake, nikicheza zaidi ya mara 36 kwa mwaka, yaani mara tatu kila mwezi bila kukosa, uanachama unanifaa. Chini ya hapo, nailipia klabu ili wengine wacheze.

Sasa ukweli wa daftari. Raundi kamili ni mashimo 18. Kwa uwanja wa mashimo tisa, kama ule wa Jinja kando ya Mto Nile, unazunguka mara mbili. Ni saa nne au zaidi kwa miguu, mbali na safari ya kwenda na kurudi. Mwenye duka au mwenye mshahara anaweza kupanga Jumamosi yake. Mimi Jumamosi yangu hupangwa na lori lililokwama mpakani.

Januari nilicheza mara tatu. Februari mara tatu. Machi mara moja. Aprili mvua na kupanda, sikucheza hata siku moja. Mei mara mbili, Juni mara mbili. Jumla 11 kwa nusu mwaka.

Ukizidisha mara mbili ni raundi 22. Kama mgeni ningetumia Sh1,100,000 kwa mwaka. Kama mwanachama Sh1,800,000. Tofauti ni Sh700,000 za kuonekana.

Kijana aliyenibebea mfuko nilimweleza hesabu hiyo. Akatabasamu. "Mzee," akasema, "wengine humu mpira wao wa mwisho waliupiga siku waliyopokea kadi. Siku hizi wanacheza mezani tu."

Na biashara za uwanjani je?

Rafiki yangu hakunidanganya kabisa. Ukitembea saa nne na mtu mnafahamiana. Utamjua mwenye hasira, mwenye subira, na yule anayeusogeza mpira kwa kiatu akidhani huoni.

Katika raundi zile 11 nilitembea na daktari, mkandarasi wa barabara, watu wa benki na mwenye shule moja ya bweni. Huyo wa shule alinunua kwangu magunia 20 ya maharage. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikamwambia mama watoto: unaona?

Alilipa baada ya miezi minne.

Simlaumu, shule husubiri karo. Lakini nilijifunza jambo. Pale mpakani mteja nisiyemjua hunilipa kabla gunia halijapanda lori. Uwanjani nilimkopesha mtu kwa sababu tulicheka pamoja kwenye shimo la saba, kisha nikaona aibu kumdai, maana kila Jumamosi ananisalimia vizuri. Urafiki wa klabu unafungua mlango wa kuuza, na mara nyingi unafunga mlango wa kudai.

Mwenye mtaji mpana anaweza kusubiri miezi minne. Mfanyabiashara wa mpakani hawezi.

Nani kasahau Machi 2021? Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Nilikuwa na magunia 120 njiani. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, pawe na cheti cha mahali mzigo ulikotoka, na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni moja.

Kilichoniokoa si mtu mkubwa niliyemfahamu. Ni fedha taslimu niliyokuwa nayo ya kushusha mzigo, kukodi ghala, kununua maturubai na kuanika upya. Jirani yangu aliyekuwa ameweka kila senti kwenye kiwanja aliuza yake kwa bei ya kutupa.

Tangu hapo nina sheria moja: fedha isiyoweza kurudi ndani ya wiki moja nisiiite mtaji.

Wanaofaidika wapo

Nisije nikaeleweka vibaya. Uanachama si wizi, na wapo ambao hesabu yao inatoka vizuri.

Wa kwanza ni anayeishi karibu na uwanja na anacheza kila wiki. Raundi 50 kwa mwaka zinavuka ile mstari wa 36 bila kelele.

Wa pili ni mwenye familia inayoitumia klabu. Ikiwa ada moja inamfunika mwenza na watoto, na watoto wanajifunza gofu au kuogelea, gawa ada kwa vichwa vyote. Uliza kabla ya kulipa, kwani vilabu vingine humtoza kila mtu yake.

Wa tatu ni anayetaka kushindana. Mashindano mengi hudai handikapu, kile kipimo cha kiwango cha mchezaji kinachowezesha mnyonge na hodari kucheza pamoja kwa haki. Tangu mwaka 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia wa kuihesabu, na kwa kawaida unaipata kupitia klabu.

Wa nne ni msafiri. Vilabu vingi vya Afrika Mashariki hupokeana wanachama kwa nafuu. Ukilala Eldoret au Kisumu kila mwezi kufuatilia wateja, barua ya klabu yako inaweza kukupa uwanja, na pengine kitanda, kwa bei ya mwenyeji. Omba orodha ya vilabu hivyo kwa maandishi, usiridhike na maneno ya baa.

Na kabla hujatia sahihi, uliza mambo haya. Je, kuna ada ya wanachama wanaoishi mbali? Ukisafiri miezi sita, uanachama unasimamishwa au unaendelea kudaiwa? Unalazimishwa kutumia kiasi fulani mgahawani kila mwezi? Wanachama huchangishwa wanapojenga au kukarabati? Na je, kuna siku za katikati ya wiki ambazo mgeni hulipa pungufu?

Hilo la mwisho ndilo lililonisaidia. Kumbe Jumanne mgeni alilipa Sh30,000. Nilikuwa nimecheza miezi miwili Jumamosi bila kuuliza.

Fomu iko kwenye droo

Julai rafiki yangu aliniuliza nimefikia wapi. Nikamfungulia daftari. Alisoma hesabu kimya, akavuta pumzi, akauliza: "Hiyo ya kugawa kiingilio kwa miaka mitano umeitoa wapi?" Nikamjibu kwamba ndivyo tunavyopiga hesabu ya lori. Akaondoka akiwa anahesabu zake kwa vidole.

Nami sikuacha gofu. Siku nyingi za Jumanne, kama mpaka uko kimya, unanikuta uwanjani. Nalipa mlangoni kama tulivyolipa Dundee, nampa kijana haki yake, nazima simu saa nne. Hizo saa nne, msomaji, ndizo kitu pekee katika daftari lile ambacho sikuweza kukiwekea bei, na nilizipata bila kadi.

Majirani kama wanauliza nilikuwa nafanya nini ughaibuni, waulize. Magunia 42 yalivuka msimu ule, yakarudi fedha, yakavuka tena.

Fomu sikuichana. Iko kwenye droo pamoja na daftari. Kila Desemba nahesabu raundi za mwaka. Siku zitakapofika 36, nitaijaza, na mama watoto amekubali kuwa shahidi.