Mimea inayokula wadudu: Nyumbani ni burudani, mpakani ni mzigo wenye masharti

WANAOVUSHA bidhaa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo wamezoea kuona miche ya kila namna: parachichi, migomba ya tishu, maua ya vyungu. Lakini duniani kuna soko jingine la miche, dogo kwa ujazo na kubwa kwa mapenzi ya wateja wake. Ni soko la mimea inayokula wadudu. Wapo watu Ulaya, Marekani na Japani wanaoitunza kama wengine wanavyofuga njiwa au samaki wa mapambo, na huagiza miche kutoka bara hadi bara.

Mashuhuri kuliko yote ni Dionaea muscipula. Porini mmea huu huota sehemu moja tu ya dunia, nayo ni tambarare za pwani za majimbo ya North Carolina na South Carolina nchini Marekani. Jani lake ni kama kinywa chenye meno. Ndani yake kuna vinywele vichache vyembamba. Nzi akigusa kinywele mara moja, jani hutulia. Akigusa tena ndani ya sekunde 20 hivi, jani hufumba kufumba na kufumbua. Hapo mmea humwaga majimaji ya kumyeyusha mdudu, na baada ya wiki moja au zaidi jani hufunguka likiwa limebakiza ganda tupu.

Mmea haufanyi hivyo kwa ukatili. Huishi kwenye kinamasi ambacho udongo wake hauna rutuba. Chakula hujitengenezea kwa jua kama mahindi, ila mbolea huitafuta kwa wadudu. Mwanasayansi wa Uingereza Charles Darwin aliiandikia mimea hii kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1875.

Utunzaji wake ni wa kinyume

Kutokana na asili hiyo, mambo yanayostawisha mimea mingine ndiyo yanayoua huu. Ukiutia samadi au mbolea ya dukani, mizizi huungua. Ukiupanda kwenye udongo wa shambani, hufa polepole. Watunzaji hutumia mboji ya kinamasi isiyotiwa mbolea, wakaichanganya na mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu una chumvi.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Ya bomba na ya kisima mara nyingi yana chumvichumvi, na kuyachemsha hakuziondoi, bali huzizidisha makali kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Yanayofaa ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye chombo safi. Chungu huwekwa ndani ya sahani yenye maji kina cha vidole viwili, mahali penye jua la kutosha.

Kosa jingine la wageni ni kuchezea jani kwa kidole ili lifumbe. Kila jani lina idadi ndogo ya kufumba kabla halijachoka na kukauka. Vilevile, Dionaea huhitaji miezi mitatu hivi ya baridi ili upumzike. Katika miji ya joto kama Mombasa au Dar es Salaam, mmea usiopata mapumziko hayo hudhoofika mwaka hadi mwaka. Anayeuza bila kumweleza mteja jambo hilo anauza bidhaa itakayomrudia kwa lawama.

Wizi na mkono wa sheria

Siku hizi mimea mingi ya aina hii inayouzwa madukani huzalishwa maabara kwa njia ya tishu, ile ile inayotumika kwa migomba. Hata hivyo, wezi bado huingia porini. Huko North Carolina wizi uliongezeka hadi serikali ya jimbo ikabadili sheria, na tangu Desemba 2014 kung'oa mmea huu bila idhini ni kosa kubwa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani.

Zaidi ya hapo, Dionaea imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Humo imo pia jamii ya Nepenthes, ambayo majani yake yana vikombe vya kuzamishia wadudu. Nepenthes wawili, mmoja wa Borneo na mmoja wa India, wamewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza chenye masharti makali zaidi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo.

Wengine ni majirani zetu

Mimea hii si ya ng'ambo tu. Gavana Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika habari za Nepenthes wa Madagaska tangu mwaka 1658. Shelisheli nayo ina Nepenthes wake katika vilima vya Mahé na Silhouette. Kwenye vinamasi vya Tanzania na Uganda huota Drosera madagascariensis, mmea mdogo mwekundu wenye vinywele vya ulimbo vinavyonasa mbu na inzi wadogo. Huko Madagaska mmea huo huchumwa porini, hukaushwa na kuuzwa Ulaya, ambako hutumika kutengeneza dawa za kikohozi.

Hapo ndipo penye kishawishi. Akisikia kuna mnunuzi, mtu anaweza kuona kinamasi cha jirani kama shamba lisilo na mwenyewe. Lakini kinamasi kikichimbwa msimu mmoja bila kubakiza mbegu, msimu wa pili hakuna mzigo. Anayetaka biashara ya kudumu huotesha mwenyewe kwa mbegu, na huweka kumbukumbu za kuthibitisha kwamba miche yake ni ya kitaluni.

Karatasi kabla ya safari

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaujua utaratibu wa cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho huhusu ushuru. Hakichukui nafasi ya ukaguzi wa mimea. Mche wowote ulio hai huhitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi unakokwenda, kisha cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kenya shughuli hiyo iko kwa KEPHIS, Tanzania iko kwa TPHPA, na Uganda iko kwa wizara ya kilimo. Ikiwa mmea umo kwenye CITES, kibali chake huongezwa juu ya hizo. Miche ya tishu iliyo bado ndani ya chupa safi zilizofungwa, kwa mimea kama Dionaea, husamehewa kibali cha CITES, lakini ukaguzi wa afya uko palepale.

Udongo nao ni kikwazo. Nchi nyingi huuzuia kwa sababu hubeba minyoo na magonjwa, hivyo mizizi huoshwa na kufungwa kwa karatasi yenye unyevu.

Anayeona masharti haya ni usumbufu na aulize wavuvi wa Kisumu na Mwanza. Gugumaji lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kama ua la kupamba mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikwishaingia Ziwa Victoria, na muongo uliofuata likaziba mialo, likanasa boti na kukwamisha mizigo. Baadhi ya mimea inayokula wadudu huelea majini pia, na kipande kidogo kikimwagwa mtaroni kinaweza kuchipua. Kwa mtunzaji, maji ya chombo humwagwa penye ardhi kavu. Kwa mfanyabiashara, mche usio na karatasi huishia kuteketezwa mpakani, na nauli haimrudii.